Ukiambiwa Simama, Simama: Ushauri kwa Wanaofikiria Kukimbia Polisi

Kila tunapozungumza na vijana wa bodaboda wa Irente, Yoghoi, Soni na Lushoto mjini, na kila tunapopokea ujumbe wa wazazi wao, swali ni lilelile: "Trafiki akinisimamisha nami sina leseni, nikikata kona nikaondoka, nitafanywa nini?" Wengine huuliza kwa ajili ya ndugu aliyeruka dirishani askari walipogonga mlango, na sasa yuko Handeni au Dar es Salaam, hajui arudi au abaki huko. Makala haya yanawajibu wote kwa pamoja.

Hatutatoa somo la sheria. Tutasema ufanye nini, usifanye nini, na watu hukosea wapi.

Jibu fupi

Usikimbie. Makosa mengi yanayowakimbiza vijana wetu huishia kwa faini au dhamana. Mbio ndizo zinazoyageuza kuwa kesi ya jinai, mguu uliovunjika au jeneza. Tena haki nyingi ambazo sheria imekupa mbele ya polisi utaweza kuzidai ukiwa umesimama, jina lako limeandikwa na watu wamekuona. Ukiwa porini huna wa kumdai haki hizo.

Kukimbia ni kosa gani hasa?

Wengi hujifariji kwamba hakuna kosa linaloitwa "kukimbia polisi". Ni kweli kwamba hati ya mashtaka kwa kawaida haiandikwi hivyo. Lakini mtu aliyekimbia anaweza kushtakiwa kwa mojawapo ya haya, au kwa mawili matatu kwa pamoja:

- Kumzuia au kumpinga askari anayetekeleza kazi yake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5. Ukimsukuma askari ili upite, umeshaingia hapa.
- Kutoroka chini ya ulinzi halali. Kukamatwa hakungoji pingu. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, umekamatwa pale askari anapokugusa au kukuzuia mwili, au pale wewe mwenyewe unapokubali kwa neno au kwa kitendo. Ukishasema "haya twende" kisha ukachomoka, hilo ni kosa jipya, hata kama kosa la kwanza halikuwepo.
- Kutosimama uliposimamishwa barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame anapopewa ishara na askari aliyevaa sare. Pikipiki nayo ni chombo cha moto kama gari.
- Kumjeruhi mtu ili usikamatwe. Hapa mzaha umekwisha. Anayemjeruhi mtu kwa nia ya kupinga au kuzuia ukamataji halali anaweza kufungwa maisha.

Ongeza na hili. Mahakama zetu hutazama mwenendo wa mtuhumiwa baada ya tukio. Kutoroka peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani, lakini kunaweza kuupa nguvu ushahidi mwingine uliopo. Mtu asiye na hatia anapokimbia, amewapa waendesha mashtaka hoja ambayo hawakuwa nayo asubuhi ile.

"Lakini mimi nina sababu ya kukimbia"

Sababu zenu tumezisikia. Tuzichukue moja baada ya nyingine.

*"Sina leseni, au nimepakia mshikaki."* Piga hesabu kabla ya kukanyaga gia. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya papo kwa papo kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Hata ukiandikiwa makosa mawili, hiyo ni fedha unayoweza kuikusanya kwa siku chache za kubeba abiria na magunia ya karoti. Mfupa wa paja uliovunjika kwenye kona za Soni unakuweka kitandani miezi.

*"Watanibambikia kesi."* Hofu hii ina msingi, na hatutakudanganya kwamba haijawahi kutokea. Lakini ni vigumu kumbambikia mtu aliyesimama mbele ya watu, akataja jina lake kwa sauti, akaomba upekuzi ushuhudiwe na akataka hati ya kila kilichochukuliwa. Aliyekimbia akakamatiwa kichakani usiku hana shahidi hata mmoja, na atakachoambiwa kimekutwa mfukoni mwake atabaki kukikana kwa mdomo mtupu.

*"Watanipiga."* Sheria inamkataza askari kutumia nguvu zaidi ya inayohitajika kumkamata mtu, na inamkataza kumdhalilisha. Katiba, ibara ya 13, inakataza mateso. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu askari kutumia nguvu ya lazima kwa anayepinga au anayejaribu kukwepa kukamatwa. Ukikimbia, wewe ndiye unayempa uhalali wa kutumia nguvu.

*"Wataniua."* Watanzania hawajasahau Januari 2006, pale wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walipouawa Dar es Salaam wakiwa mikononi mwa polisi. Ilidaiwa kwamba walikuwa majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume iliundwa na kesi ikaenda miaka mingi. Ofisa wa polisi Abdallah Zombe na wenzake walioshtakiwa naye waliachiwa, lakini Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao, Christopher Bageni, na kumhukumu adhabu ya kifo. Kesi ile inafundisha mambo mawili. Hofu ya raia si ya kufikirika, na madai ya "walikuwa wakipambana" huchunguzwa mahakamani pale wanapopatikana mashahidi wa kusema walichokiona. Kwa hiyo jitahidi ukamataji wako uonekane na watu.

*"Sijui kama ni polisi kweli."* Hili ni zito, na tumelitengea sehemu yake hapa chini.

Milima yetu haisamehe mbio

Mkazi wa Irente hahitaji kuelezwa. Pale View Point ardhi inakatika ghafla, na chini yake, mamia ya mita, ndiko unakoona Mazinde na tambarare ya kuelekea Mombo. Njia za miguu zinazoshuka kule ni za kupita mchana, kwa utulivu, na anayezijua. Mtu anayekimbia usiku, ukungu umeshuka na utelezi wa masika uko chini ya miguu, haoni mwisho wa shamba wala mwanzo wa genge. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na huku kwetu ukingo wenyewe ni wa mwamba.

Kwa waendesha pikipiki hatari iko barabarani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita thelathini na kitu za kona kali, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Ukigeuza ghafla kumkwepa trafiki unakutana na basi au Fuso la kabichi linaloteremka. Na abiria wako hakuamua kukimbia. Akifa, kesi si ya leseni tena. Utajibu shtaka la kusababisha kifo.

Hatari ya tatu ni watu. Siku ya gulio, kijana akikimbia na askari nyuma yake, mtu mmoja tu akipiga kelele ya "mwizi!" umati hauulizi. Wapo waliopoteza maisha kwa mawe na matairi kabla askari hawajafika. Ukijikuta katika hali hiyo, kimbilia kwa askari mwenyewe, inua mikono na ukae karibu naye.

Ukisimamishwa barabarani: hatua kwa hatua

1. Punguza mwendo mapema, washa taa ya ishara, simama pembeni mahali ambapo wengine wanakuona. Usisimame kwenye kona.
2. Zima injini. Mikono iache kwenye usukani, kisha vua kofia ngumu taratibu.
3. Salimia. "Shikamoo afande" au "habari za kazi afande" haipunguzi haki yako yoyote, na hupoza hasira iliyotoka kwa dereva aliyekutangulia.
4. Uliza kwa upole: "Afande, nimesimamishwa kwa kosa gani?"
5. Toa leseni, bima na kadi ya chombo. Kama hazipo, sema hazipo. Usitaje jina la mtu mwingine. Kudanganya jina ni shida nyingine.
6. Ukikubali kosa, omba uandikiwe notisi ya faini yenye namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki. Ukilikataa kosa, una haki ya kusema hulikubali na kulipeleka mahakamani.
7. Usitoe "kitu kidogo". Ukidaiwa, omba notisi kwa sauti ya kawaida mbele ya wengine. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.
8. Pikipiki ikishikiliwa, usiing'ang'anie. Andika jina la kituo, saa na jina au namba ya askari, kisha mpigie mmiliki.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni la bosi wa pikipiki kumwambia kijana, "Ukiona trafiki, usikamatishe chombo changu." Bosi, ukitoa agizo hilo unamtuma mtoto wa mtu akafe kwa ajili ya shilingi elfu kumi. Kata bima, mpeleke kijana akapate leseni, na mweleze wazi kwamba akisimamishwa asimame.

Wakija nyumbani au shambani

1. Usizime taa na kutoka kwa mlango wa nyuma. Uliza kutoka ndani: "Nani, mnatoka kituo gani?"
2. Waombe wajitambulishe na waonyeshe kitambulisho. Kwa askari kanzu hili ni muhimu zaidi.
3. Omba kuelezwa kosa. Anayekukamata anawajibika kukuambia unakamatwa kwa kosa gani. Fahamu pia kwamba kwa makosa mengi polisi wanaweza kukamata bila hati ya mahakama, kwa hiyo usigome kwa sababu tu hakuna karatasi.
4. Tuma mtu amwite mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe au jirani mzee. Waambie askari kwamba hukatai kwenda, unaomba tu awepo shahidi.
5. Wakipekua, taka shahidi awepo tangu mwanzo na kila kilichochukuliwa kiandikwe kwenye hati, nawe upewe nakala. Soma kabla ya kuweka saini. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.
6. Waambie watu wa nyumbani kwa sauti: "Naenda na afande fulani, kituo fulani." Mmoja afuate nyuma hadi kituoni.

Kwa ndugu zetu wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Magamba: maofisa misitu nao wana mamlaka ya kukamata kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ukikutwa na kuni, mbao au msumeno, usidhani kwamba kwa kuwa si polisi unaweza kutimka. Na kamwe usiinue panga, hata kama ulikuwa umelishika kwa kazi. Liweke chini kwanza, ndipo uzungumze.

Kama hujui ni polisi au ni watekaji

Septemba 2024 Ali Kibao, kada wa Chadema, alishushwa na watu wenye silaha kwenye basi lililokuwa likielekea Tanga, na baadaye akapatikana ameuawa. Baada ya hapo hatuwezi kumwambia mtu amfuate yeyote anayedai ni askari. Ushauri wetu ni huu:

- Asiye na sare, asiyeonyesha kitambulisho na asiyetaja kituo, mwambie mbele ya watu: "Niko tayari kwenda kituoni, twende kwa mtendaji kwanza au tupige simu kituoni."
- Sogea kwenye watu na mwanga: dukani, msikitini, kanisani, zahanati. Usiingie gizani, huko ndiko kusiko na shahidi.
- Paza sauti, taja jina lako, la baba yako na kijiji chako. Waombe watu waandike namba ya gari na wapige 112.
- Akionyesha kitambulisho na kutaja kosa, mfuate, na mtu wako afuate nyuma.

Kusogea kwenye watu huku ukisema wazi kwamba uko tayari kwenda kituoni si kutoroka, na walioshuhudia wataweza kulieleza hilo.

Ukifika kituoni: unachoweza kudai

Andika orodha hii, ibandike nyuma ya kadi yako ya NIDA ukipenda:

- Jina lako na saa uliyofika viandikwe. Mali uliyonayo iorodheshwe kabla ya kuwekwa mahabusu.
- Unawajibika kutaja jina na anwani yako. Maswali mengine una haki ya kutoyajibu hadi upate ushauri.
- Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.
- Muda wa kukuhoji una mipaka: saa 4 za msingi, na nyongeza kwa utaratibu isiyozidi saa 8.
- Maelezo yako usomewe, upewe nafasi ya kurekebisha, ndipo utie saini. Usiweke dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa.
- Kama haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa alichunguze shauri lako na akuachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito.
- Mtoto wa chini ya miaka 18 ana ulinzi wake katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi au mlezi afike haraka, na mtoto asichanganywe na watu wazima.

Sema haya kwa adabu. Afande akikasirika, nyamaza, kumbuka saa na jina, na umwachie ndugu au wakili alifuatilie.

Dhamana: hapa ndipo mbio zinapoanza kukugharimu

Dhamana haiuzwi. Mdhamini anasaini ahadi. Hampi mtu fedha mkononi ili utoke. Kwa kosa dogo, ndugu aje na haya:

- kitambulisho chake, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata;
- uthibitisho wa anapoishi na shughuli yake;
- namba ya simu inayopatikana, maana polisi watampigia yeye ukichelewa.

Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana. Hapo tafuta wakili siku hiyohiyo.

Sasa sikiliza vizuri. Mahakama inapofikiria dhamana, moja ya mambo inayotazama ni kama mshtakiwa aliwahi kupewa dhamana na mahakama akaivunja au akatoroka. Aliyekimbia mara moja anaweza kunyimwa dhamana safari nyingine. Na ukiruka dhamana, mdhamini wako, pengine mjomba aliyekulea, anadaiwa kiasi alichokisaini. Kesi inaweza kusikilizwa bila wewe, ukahukumiwa ukiwa Dar es Salaam unauza mitumba.

Umesababisha ajali

Dereva aliyegonga anatakiwa asimame, asaidie majeruhi, atoe jina na anwani, na aripoti polisi mapema iwezekanavyo. Tunajua mnaogopa umati, na hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo:

1. Ukiona watu wanakuja na mawe, ondoka uende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Usiende nyumbani wala kwa mganga.
2. Piga 112 ukiwa njiani na useme mahali, aina ya ajali na kwamba unakwenda kujisalimisha.
3. Ukifika, andikisha tukio na ubaki hapo.
4. Majeruhi apatiwe fomu ya polisi ya PF3 ili atibiwe bila kusumbuliwa.

Aliyekwenda kituoni amejiokoa kisheria. Aliyeficha pikipiki kwenye shamba la mahindi amejiongezea kosa, na pengine amemwacha majeruhi afe kwa kukosa msaada.

Umeshakimbia? Fanya haya sasa

Kwanza, ondoa fikra kwamba miaka itaifuta. Hati ya kukamatwa iliyotolewa na mahakama inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Utakutana nayo siku ya msiba wa baba, utakapopanda mlima kumzika.

Pili, usimlipe mtu anayesema atakufutia jina. Atarudi mwezi ujao kudai tena, na jina litakuwa palepale.

Tatu, fuata mpangilio huu:

1. Mpate wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Anza kuulizia kwa mtendaji wa kata au ofisi ya ustawi wa jamii wilayani.
2. Ulizia, kupitia yeye, kama shauri liko polisi au limeshafika mahakamani.
3. Kama liko polisi, nenda kujisalimisha asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na mdhamini na nyaraka zake. Ukienda Ijumaa jioni utalala ndani hadi Jumatatu. Mkaguzi wa polisi wa kata yako anaweza kukupeleka mwenyewe.
4. Kama mahakama imetoa hati, nenda mahakamani, kwa mfano Mahakama ya Wilaya ya Lushoto, ujieleze kwa hakimu kwa nini hukufika. Beba cheti cha hospitali au uthibitisho wowote ulio nao.
5. Kama ulihukumiwa bila kuwepo, mwambie wakili aombe hukumu itenguliwe kwa sababu za msingi. Usikae kimya.

Kujisalimisha hakufuti kosa. Lakini hakimu anayeamua dhamana au adhabu anamwona mtu aliyekuja kwa miguu yake, na hilo lina uzito.

Ndugu na majirani: msaada una mpaka

Wazazi huuliza: "Nikimficha mwanangu, nami nakosa?" Ukijua ametenda kosa na ukamsaidia ili akwepe adhabu, unaweza kushtakiwa kama msaidizi baada ya kosa. Kanuni ya Adhabu imewaondoa mume na mke wanapopokeana, lakini haikumwondoa mama, kaka, shemeji wala rafiki.

Mnaloweza kufanya bila kosa lolote:

- kumtafutia wakili na mdhamini;
- kumpelekea chakula, nguo na dawa;
- kumfuata kituoni na kukaa hapo hadi mjue alipo;
- kumshauri arudi, na kumsindikiza anapojisalimisha.

Msichoweza: kuwazingira askari ili aachiliwe, kurusha mawe kwenye defenda, kuwatumia polisi habari za uongo. Kumnyang'anya mtu mikononi mwa polisi kwa nguvu ni kosa zito kuliko makosa mengi yanayowakamatisha vijana wetu.

Ukidhulumiwa

Kusimama hakumaanishi kukubali uonevu. Ukipigwa, omba PF3 na utibiwe siku hiyohiyo. Cheti cha daktari ndicho kitakachosema mahakamani. Andika majina, saa na mashahidi. Peleka malalamiko kwa mkuu wa kituo, akishindwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa kamanda wa mkoa, Tanga. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya raia, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria. Na ukifikishwa kwa hakimu, mwonyeshe majeraha yako siku ya kwanza kabisa. Ukisubiri wiki tatu, yatakuwa yamepona na utaulizwa kwa nini hukusema.

Kwa walio ughaibuni

Mtoto wa Lushoto anayeendesha gari Marekani au Uingereza ajue kwamba huko ni moto zaidi. Majimbo mengi ya Marekani yana kosa maalumu la kumkimbia polisi kwa gari, na linaweza kukupeleka gerezani. Kwa mgeni, hukumu kama hiyo inaweza kuharibu na kibali cha kuishi. Uingereza nayo, kutosimama unapoamriwa na polisi ni kosa chini ya sheria yake ya barabara ya mwaka 1988.

Makosa yanayorudiwa, kwa ufupi

- Kutupa simu au mzigo wakati wa kukimbia. Vitaokotwa na kuelezwa visivyo.
- Kuzima simu na kuhama bila kumwambia mdhamini.
- Kubishana na trafiki hadi hasira ipande, kisha kukanyaga gia.
- Kusaini ili "yaishe".
- Kudhani mgambo au sungusungu hawana mamlaka ya kukamata. Wanayo, na wanapaswa kukufikisha polisi bila kuchelewa.
- Kungoja kesi ifike mahakamani ndipo utafute wakili.

Wilaya yetu ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, hapa hapa Lushoto, ambako watumishi wa mahakama hupata mafunzo. Ni aibu kwetu kwamba jirani wa chuo hicho anavunja mguu gengeni kwa kuogopa faini ambayo angeilipa kwa simu. Mzazi, mketishe mwanao jioni ya leo umsomee orodha ya haki zake kituoni. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, ibandike kijiweni. Nawe kijana, hifadhi kichwani namba ya simu ya ndugu mmoja unayemwamini, tembea na kitambulisho, na siku ukiambiwa simama, simama, uliza kosa, na uidai haki yako ukiwa mzima.